Kugawa mfumo wa duka vipande vipande: uzoefu wangu

Tunauza vipuri vya magari kwa jumla pale Gerezani, na tuna matawi Mbagala na Tegeta. Mfumo wetu wa mauzo uliandikwa kwa lugha ya programu ya PHP 5 na hifadhidata ya MySQL, kila kitu humohumo: stoo, mauzo, malipo, ripoti. Mhasibu akivuta ripoti ya mwezi, kaunta zote zinaganda, na mwenye mkokoteni yuko mlangoni anafoka. Isitoshe, PHP 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018.

Tukaipa kazi kampuni moja ya hapa Dar, ituhamishie kwenye huduma ndogondogo, yaani programu ndogo zinazojitegemea na kutumiana ujumbe.

Walivyoanza, nawasifu. Mfumo wa zamani hawakuuzima. Waliweka Nginx, programu inayopokea maombi na kuyaelekeza, mbele yake kama lango, wakahamisha kipande kimoja kimoja huku mauzo yakiendelea. Njia hii Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliieleza tangu 2004, na kwa duka lisiloweza kufungwa sioni nyingine. Ripoti zilipewa nakala yake ya hifadhidata, kuganda kukaisha. Malipo ya simu ndiyo yaliyonifurahisha zaidi: mtandao ukisumbua, taarifa moja ya muamala huweza kuja mara mbili, na zamani zote mbili zilirekodiwa. Sasa kipande cha malipo kinaangalia kwanza namba ya muamala. Ikiwa imeshaingia, hakiigusi.

Kasheshe ilikuja walipotenganisha stoo na mauzo. Mwanzo vyote viwili vilikuwa muamala mmoja ndani ya MySQL: ama vinaingia pamoja ama haviingii kabisa. Baada ya kutengwa, risiti inatoka lakini stoo haijapungua, kwa sababu ujumbe kati ya huduma hizo umekwama njiani. Brekipedi zilezile zikauzwa Mbagala na Tegeta, na zimebaki seti moja tu! Tuliwaambia waviunganishe tena. Walibisha, wakakubali.

Kubernetes nayo, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, sikuiona kazi yake. Ilizaliwa Google, sisi tuna maduka matatu, na bili ya seva za wingu inakuja kwa dola. Tulirudi kwenye seva moja yenye Docker Compose, zana ya kuwasha vipande vyote pamoja, mambo yanakwenda.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wangeipata kama wangetuachia maelezo ya kuwasha mfumo umeme ukikatika. Kijana wetu wa IT aliyaokoteza mwenyewe kwenye historia ya amri za seva.