Tiketi za boti ya Pemba kwa mtandao: kosa lipo, la abiria gani huambiwi

Nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili nawapa kwa sababu boti yao safi na ukilipa kwa simu tiketi inakuja hapo hapo. Tatu nimezizuia kwa ajili ya fomu. Kampuni siitaji jina, nataka lirekebishwe tu.

Mie nakaa steshenari Darajani, watu huja nikawajazia fomu kutwa, za skuli, za pasi, za tiketi. Alhamisi kaja bi mkubwa mmoja na majina ya watu saba kwenye karatasi, wanakwenda harusini Wete wanataka boti ya Jumamosi asubuhi. Fomu inafunguka na mstari wa abiria mmoja, ukibonyeza "ongeza abiria" inashuka mistari mengine, jina, kitambulisho, umri, simu. Hapo pazuri, sina neno.

Nikajaza wote saba, bi mkubwa akapigiwa simu kwamba yule mjukuu wa tatu haendi tena ana mtihani, anakwenda shangazi yake. Nikafuta mstari wa tatu nikaongeza mpya chini. Nikabonyeza endelea, juu kabisa ya ukurasa pakatokea maandishi mekundu, taarifa za abiria wa 5 si sahihi. Basi. Kosa gani hawasemi, kisanduku gani hawasemi. Nikamtazama wa tano, ni babu mtu, ZanID yake, yaani kitambulisho cha Mzanzibari, nnayo mkononi, nikasoma tarakimu moja moja na bi mkubwa ananifuatisha, iko sawa. Nikaiandika upya, jibu lile lile. Mara tatu.

Kumbe mwenye kosa alikuwa wa nne! Yule binti anaishi Dar anatumia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inatakiwa tarakimu 20 na mie niliruka sifuri moja zikawa 19. Sasa kwa nini fomu iseme wa tano, ni kwa sababu kila mstari ulipewa namba pale ulipoongezwa na namba hiyo haibadiliki, ulipofutwa wa tatu na kuongezwa mpya mistari ikawa 1, 2, 4, 5, 6, 7 na 8, mie machoni namuona yule binti ni wa nne lakini seva, ile kompyuta ya kampuni inayopokea fomu, bado inamjua kwa namba 5. Aliyetengeneza fomu angeweka ujumbe pale pale chini ya kisanduku chenye kosa, na kauambatanisha na mstari wenyewe badala ya kutaja namba ya abiria, pasingekuwa na mtu wa kubahatisha. "Namba ya NIDA ina tarakimu 19, zinatakiwa 20", maneno hayo tu, tena yaandikwe, isiwe rangi nyekundu peke yake maana wako wasioitofautisha. Kanuni za kimataifa za WCAG, za kufanya tovuti zitumike na kila mtu hata wenye ulemavu, zinalidai hili kwenye kifungu 3.3.1, kosa litajwe kwa maandishi na kisanduku chenyewe kionyeshwe, ni daraja A yaani lile la chini kabisa.

Haya nikarekebisha, nikabonyeza, ukurasa ukajipakia upya na kosa jengine kwenye namba ya simu, ila safari hii mistari sita yote imepotea kabaki abiria wa kwanza tu. Hapa ndo niliumia kweli. Seva ilizipokea taarifa za watu saba, ikakuta kosa moja, ikaturudishia fomu ya mstari mmoja kama ilivokuwa mwanzo, wakati ilikuwa ijenge upya mistari saba kutokana na kile kile ilichopelekewa. Bi mkubwa akaniuliza mwanangu mbona tunaanza tena, sikuwa na la kumjibu.

La mwisho ni la watoto wachanga. Ukichagua "mchanga" kisanduku cha kitambulisho kinafichwa, vizuri, lakini sharti la lazima kijazwe hawakulitoa, kwa hivo unabonyeza endelea na hapatokei kitu, kimya. Brauza, ile programu unayofungulia tovuti, inakataa kutuma fomu na haiwezi kukupeleka kwenye kisanduku kisichoonekana. Mtu wa kawaida ataona intaneti mbovu, atanunua bando jengine bure. Dawa yake nyepesi, kisanduku kikifichwa kizimwe kabisa, brauza haikagui kilichozimwa, na seva nayo ijue mchanga hadaiwi kitambulisho.

Tulipomaliza adhuhuri ishaadhiniwa na boti ya Jumamosi imebakia viti vinne. Watatu wakaenda Jumapili, na shangazi mtu akiwemo ambaye ndo alitakiwa afike mapema apike.

Nshawapigia simu, kijana aliyepokea kanisikiliza kwa adabu na kaandika yote matatu. Kwa sasa nyie mnaokatia familia kubwa, msifute mstari hata mmoja, abiria akibadilika andika jina la mpya juu ya la zamani, na msizidishe watu watatu kwa fomu moja. Na mchanga mwekeni kwenye "mtoto" kwanza, andikeni namba ya mama yake kwenye kitambulisho, halafu ndo mrudi mumgeuze "mchanga", mimi imenikubalia hivo.