Kozi ya usuluhishi wa kimataifa: somo la P&ID ni moto, kwizi zimechacha

Haya, nimeimaliza ile kozi ya mtandaoni ya mambo mapya kwenye usuluhishi wa kimataifa (yaani mgogoro unaamuliwa na wasuluhishi badala ya mahakama), jina lake naliacha maana sina mazuri matupu ya kusema. Mi kazi yangu ni kuandaa mikataba, siyo wakili wa kusimama mbele ya wasuluhishi, nilichotaka ni kujua tu nini kimebadilika ili niache kukopi kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba wa miaka kumi nyuma na kukibandika kwenye mpya (msinicheke, wengi wenu mnafanya hivyohivyo).

Kilichonikera kwanza. Kwizi ya pili inauliza: mkataba unaongozwa na sheria ya nchi nyingine, makao ya usuluhishi (mahali unapohesabika kisheria kufanyika) ni London, kifungu chenyewe cha usuluhishi hakisemi kinafuata sheria gani, je kinafuata ipi? Nikajibu ya makao, yaani ya kule Uingereza. Nyekundu! Eti ni sheria ya mkataba mkuu, kama Mahakama ya Juu kule ilivyosema 2020 kwenye kesi ya Enka v Chubb. Sasa jamani, hiyo si ndo ilishageuzwa na Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 2025, imeanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025, kama hamjaandika waziwazi kuhusu kifungu chenyewe basi ni sheria ya makao, na kuandika tu kwamba mkataba unaongozwa na sheria ya nchi fulani hakutoshi. Enka imebakia kwa kesi zilizofunguliwa kabla ya tarehe hiyo. Unauza kozi ya mambo mapya halafu unanikosesha maksi kwa kujua jambo jipya? Niliwaandikia, baada ya siku tisa wakajibu asante kwa maoni, kwizi iko vilevile.

Lakini somo la Nigeria na P&ID (kampuni iliyoishtaki Nigeria kwa wasuluhishi), hapo nawavulia kofia. Wamelisimulia pole pole tangu mkataba wa gesi wa 2010, mtambo wenyewe haukujengwa hata siku moja, tuzo (uamuzi wa wasuluhishi) ya 2017 ikawa Nigeria ilipe dola bilioni 6.6, riba ikala na kula mpaka deni likapita bilioni 11. Halafu Oktoba 2023 Jaji Knowles wa Mahakama Kuu London akakuta P&ID walitoa hongo, walileta ushahidi wa uongo, tena walikuwa wameshika nyaraka za siri za kisheria za Nigeria wenyewe wakati kesi inaendelea! Mwalimu akasimamisha video akauliza, wasuluhishi watatu wazoefu walikaa mezani na hawakuyaona hayo, je ni kazi yao kuchokonoa wakati wakili wa upande mmoja amelala? Nilirudia hapo mara mbili. Jaji mwenyewe aliligusa hilo kwenye hukumu, usiri na pesa nyingi za serikali haviendi vizuri pamoja.

Upande wa wawekezaji na serikali wamepita mbio mno. Wamegusa kanuni za ICSID (kituo cha Benki ya Dunia cha kesi za wawekezaji na serikali) za Julai 2022, kwamba anayefadhiliwa kesi lazima ataje jina la mfadhili, sawa. Umoja wa Ulaya kujitoa kwenye Mkataba wa Nishati (Energy Charter Treaty, unaolinda wawekezaji wa nishati) Juni 2025 wamepewa dakika nne! Na lile la maana kwa mtu wa mikataba, kwamba uwekezaji uliokuwepo kabla ya kujitoa unaendelea kulindwa miaka 20, limesemwa kwa sentensi moja kama tangazo la basi linaloondoka.

La taratibu za haraka ni zuri na lina kazi ofisini, kanuni mpya za SIAC (kituo cha usuluhishi cha Singapore) za 2025 zina njia fupi kwa madai yasiyozidi dola milioni 1 za Singapore, tuzo itoke ndani ya miezi 3 tangu msuluhishi ateuliwe. Bosi wangu alidhani usuluhishi wote ni miaka na miaka, nikamwonyesha slaidi akanyamaza.

Nyota tatu na nusu. Wakirekebisha kwizi naongeza nusu, wakiongeza saa moja ya wawekezaji naongeza nyingine. Mi templeti yangu nimeshaiongezea mstari mmoja unaosema kifungu cha usuluhishi kinafuata sheria gani, na ile ya zamani nimeifuta.