Dar hadi London: ukate tiketi ya kupitia wapi?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Heathrow ni kama kilomita 7,500, mwendo wa saa kumi hivi. British Airways iliacha kuruka Dar mwaka 2013, na tangu hapo wengi wetu tunaunganisha ndege. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei, tazama utakaa saa ngapi njiani.

Chaguo langu la kwanza ni Nairobi. Dar hadi Nairobi ni saa moja na robo tu, halafu saa tisa hivi hadi Heathrow. Jumla ni kilomita 7,510, maana yake hujazunguka popote. Tena ukikwama, Mtanzania anaingia Kenya bila viza, unatoka kwenda kulala kwa shemeji. Angalia tu muda wa kusubiri: niliwahi kuuziwa tiketi "ya haraka" yenye saa kumi na moja za kukaa kwenye kiti cha chuma.

La pili ni Addis Ababa, kama kilomita 7,680. Istanbul ni 7,950, na inamfaa anayependa kulala: kipande kirefu kinatangulia, kifupi cha saa nne kinabaki mwisho.

Doha na Dubai nimeziweka chini kwa sababu unaenda kaskazini mashariki kisha unageuka magharibi. Doha inafika kilomita 9,000 na ushee, Dubai karibu 9,500. Lakini kama mwenyeji wako anakaa Birmingham au Manchester, pindua orodha yangu yote. Kutoka huko Ghuba kuna ndege za kwenda miji hiyo moja kwa moja, na hutaburuza mabegi mawili kutoka Heathrow kutafuta basi.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo watu wanapolia. Tiketi ikiandikwa 02:30 tarehe 15, hiyo ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14, kabla ya saa sita usiku. Binamu yangu alisoma "tarehe 15, usiku", akashinda siku nzima ya tarehe 15 akiagana na ndugu, akafika uwanjani amevaa koti lake jipya, ndege ikiwa imeshatua London tangu mchana. Wakala alimwambia anunue nyingine.

Usidanganywe pia na saa za kufika. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi chao. Ukiona unaondoka 23:00 na kufika 10:00, usihesabu saa kumi na moja. Ni kumi na tatu au kumi na nne.

Na hata ukiona unaokoa laki mbili, usinunue tiketi mbili mbalimbali, ya Dar–Nairobi huku na ya Nairobi–London kule. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikuombi radhi. Kwenye tiketi moja, shirika ndilo litakalokutafutia ndege nyingine. Ukifika kaunta, muulize anayepima mzigo: "Begi linafika London?" Kisha soma kile kikaratasi anachokifunga kwenye mkono wa begi. Kinatakiwa kusema LHR, yaani Heathrow.