Kwenda Arua: ndege ya Entebbe ama basi la Kampala?

Hewani Entebbe mpaka Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni kama kilomita 375 hivi, kandege kadogo kanachukua saa moja na kitu, ukiangalia hapo basi la masaa nane na zaidi ni kama mateso. Lakini ngoja, hesabu toka mlangoni: kutoka Kampala mpaka Entebbe ni kama kilomita 40 na jam yake, halafu cheki-ini, kungoja, na mvua ikikataa kuacha mnakaa tu mnaangaliana. Safari nzima inakula nusu siku, bado umeshinda basi ila sio kwa vile watu wanajisifu.

Pesa sibishani, basi liko mbali sana chini. Mzigo pia, ndege inakupimia kilo, basi linabeba mpaka godoro na mihogo ya shangazi, na pale Karuma, barabara inapovuka mto Nile, nyani wanakusalimia dirishani. Ila 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kutengenezwa mabasi yalizunguka njia ndefu, wa ndege hata hawakujua.

Una mkutano mchana na ofisi inalipa? Panda ndege. Unahamisha familia na masufuria, kata tiketi ya basi, kiti cha mbele.