Msimu wa moshi wa nyika: kukimbia nje na barakoa, au mazoezi ya ndani?

Moto wa nyika hutoa chembe za PM2.5, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na anayekimbia huvuta hewa nyingi kuliko aliyekaa.

Kwa kinga, ndani kunashinda, ila si nyumba yoyote. Mlango ukiwa na mwanya, moshi hujaa humo humo. Ziba, washa kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana), na usikaange wala kufukiza udi: navyo hutoa chembe.

Nje, barakoa ya N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe, lakini gesi hupita. Ndevu huacha upenyo pembeni. Jasho likiilowesha, kupumua kunakuwa kazi. Inafaa kutembea, si mbio za kasi.

Barakoa ni nafuu ila huchakaa upesi. Kisafisha hewa ni ghali, na kichujio chake hubadilishwa mapema zaidi msimu wa moshi.

Kipimo cha ubora wa hewa cha Marekani (AQI; kikipanda, hewa ni chafu zaidi) kikiwa kati ya 101 na 150, mwenye pumu, mjamzito, mzee na mtoto wafanyie ndani. Mwenye afya njema anaweza kutoka kwa muda mfupi. Kikipita 150, mbio za nje ziahirishwe, hata kwa aliye imara. Kitazame tena kabla ya kufunga kamba za viatu, upepo hugeuka.