Miezi saba na Mzee Tomi: kituo kinachowapa mbwa wazee nyumba jijini Arusha

Mbwa wetu alipokufa mwezi Januari, mke wangu alitaka mtoto wa mbwa, nami nilitaka mbwa aliyekwisha kuacha kutafuna viatu. Ndiyo maana tulikwenda katika kituo kinachohifadhi mbwa waliotelekezwa, nje kidogo ya jiji la Arusha. Jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe wameniomba nisilitaje: kila kinapotajwa hadharani, watu huja usiku, huwafunga mbwa getini na kuondoka. Anayekihitaji hukipata kupitia madaktari wa mifugo wa mjini, na mimi nilikipata hivyo hivyo.

Kilichotutoa katika wazo la mtoto wa mbwa ni banda la wazee. Sehemu nyingine nilizowahi kufika, mbwa mwenye mvi puani huwekwa nyuma kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki. Hapa banda lao ndilo la kwanza baada ya geti, na sakafu yake ya zege imetandikwa magunia na vipande vya magodoro, kwa sababu Arusha iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na mbwa mwenye baridi yabisi huteseka sana katika usiku wa Juni na Julai. Wengi wao walikuwa walinzi wa nyumba. Mpangaji alihama, mwenye nyumba alihamishiwa mkoa mwingine, mgeni alimaliza mkataba akarudi kwao, na mbwa akabaki na geti. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sijawahi kuona mtu akiulizwa yuko wapi mbwa aliyemlindia nyumba miaka kumi.

Tomi, mbwa tuliyemchukua, ambaye mhudumu humwita Mzee Tomi kwa heshima zote, alikadiriwa kuwa na miaka kumi na moja. Kwa maelezo yao, alifika akiwa amejaa kupe, ufizi umepauka na pua ikitoa damu, dalili ambazo daktari alizihusisha na ugonjwa unaoenezwa na kupe na kushambulia chembe za damu. Alinyweshwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kila siku kwa wiki nne, akang'olewa meno mawili yaliyooza, akahasiwa baada ya kupata nguvu, kisha akaanza kutembezwa kwa kamba, mwanzo hadi kwenye mwembe na kurudi, baadaye hadi barabarani. Hakuna aliyemharakisha ili apate wa kumchukua, na kwa maoni yangu ubora wa huduma hii uko hapo zaidi kuliko kwenye usafi wa mabanda, ingawa nayo ni safi.

Ukweli wao pia ulinishangaza. Macho ya Tomi yana ukungu wa rangi ya samawati, nami nilikwisha kuamini kwamba ni kipofu. Daktari alirusha kipande cha pamba mbele yake, Tomi akakifuata kwa macho, ndipo akanieleza kwamba lenzi ya jicho la mbwa hukakamaa kwa uzee na kuonekana hivyo bila kuzuia kuona, tofauti na mtoto wa jicho. Masikio, alisema bila kuzunguka, ndiyo yaliyokwisha. Tulipewa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa yenye tarehe ya kurudia, orodha ya dawa za minyoo alizopewa, majibu ya kipimo cha figo, na onyo moja ambalo ningependa kila mfugaji alisikie: mbwa anayechechemea asipewe dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka la dawa, kwa maana humtoboa tumbo na kumharibu figo. Nakiri kwamba marehemu mbwa wetu nilimpa, kwa nia njema.

Kasoro zipo. Fomu ya makubaliano, inayotaja wiki mbili za majaribio na haki ya kumrudisha mbwa, imeandikwa kwa Kiingereza pekee, jambo lisilo na sababu katika mji huu. Mzee aliyekuwa mbele yangu alitia saini karatasi ambayo ilibidi asomewe na mjukuu wake. Simu yao haipokelewi mwishoni mwa juma. Ziara ya ufuatiliaji waliyoahidi baada ya mwezi mmoja ilifanyika katika mwezi wa tatu tangu tumchukue, tena baada ya mimi kuwakumbusha. Kubwa zaidi ni chakula: kituoni Tomi alikuwa akila chakula kikavu cha mfuko kinacholetwa na wafadhili, nasi nyumbani tukampikia dona na dagaa siku ile ile ya kwanza. Aliharisha siku nne. Mtu angetuambia tuvichanganye vyakula hivyo na kubadilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, tusingefua mikeka usiku.

Mchango wanaomtoza anayemchukua mbwa ni shilingi 50,000, ambao hauwezi hata kulipia meno yale mawili, lakini anayefikiria kumchukua mbwa mzee asiishie hesabu hapo. Dawa ya viungo aliyoandikiwa Tomi inatugharimu zaidi ya kiasi hicho kila baada ya miezi miwili, na tutaendelea kuinunua maisha yake yote. Walitwambia hivyo mapema, nasi tulikaa chini tukapiga hesabu kabla ya kutia saini.

Kuhusu ulinzi, jirani aliyecheka kwamba nimeleta kiziwi kulinda nyumba alibadilisha kauli mwezi Mei. Tomi hasikii geti, ila pua yake haijazeeka. Upepo ukimletea harufu ngeni hubweka mara moja, kwa sauti nzito, kisha husubiri tutoke.

Anayetaka kwenda aende siku ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, wakati wazee wanapotembezwa, aombe kushika kamba mwenyewe, na kama ana mablanketi makuukuu awachukulie.