Gundi ya shina dhidi ya sisimizi: msimu mmoja kwenye michungwa

Kopo la nusu kilo nililinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la pembejeo wilayani Muheza, baada ya michungwa yangu kufunikwa na ukungu mweusi mithili ya masizi ya chunguni. Lebo inadai kwamba gundi hii "huangamiza vidukari na vidugamba kwenye mimea yote". Dai hilo si sahihi, kwani gundi hukaa shinani ilhali wadudu hao wadogo wafyonzao utomvu wako juu, kwenye machipukizi, na haimgusi hata mmoja wao.

Kazi yake halisi ni kuwafungia sisimizi njia. Utomvu anaoufyonza kidukari una sukari tele lakini virutubisho vya kujenga mwili ni haba, kwa hiyo hulazimika kunywa kupita kiasi na kuitoa sukari ya ziada ikiwa majimaji matamu, ambayo pia ndiyo huotesha ule ukungu. Sisimizi humpapasa kwa vipapasio mpaka atoe tone, na kwa kuwa hapo ndipo penye riziki yao, huwafukuza mbawakawa wenye madoa pamoja na nyigu wadogo ambao, wakiachiwa nafasi, huwapunguza vidukari bila sumu yoyote.

Nilifunga utepe wa plastiki kwenye mashina 12, nikapaka gundi juu yake ili isidhuru gome, na michungwa 6 nikaiacha kama ilivyo. Kwa wiki mbili sikuona tofauti, hata nikaanza kuzijutia fedha zangu, hadi nilipogundua kwamba matawi yaliyoinama yalikuwa yamegusa nyasi na sisimizi wanapandia huko. Maelezo ya matumizi hayataji jambo hilo popote. Nilipogoa, nikafyeka, na kufikia wiki ya sita mbawakawa walikuwa wamerudi na machipukizi ya miti ile 12 yalikuwa safi; ile 6 iliendelea kunata. Miti ya kando ya barabara ilinisumbua zaidi, maana vumbi huifunika gundi na sisimizi hupita juu yake kama wapitao sakafuni.

Maneno "mimea yote" ndiyo yaliyonikera kuliko yote. Majimoto, sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini, nao hufuga vidugamba, na uhusiano huo katika mikarafuu ya Zanzibar ulichunguzwa na mtafiti wa wadudu M. J. Way, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1954. Lakini majimoto haohao huilinda mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi yake, na minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Mkulima wa korosho atakayeifuata lebo hiyo atakuwa amelipa pesa ili awazuie walinzi wake.

Naipa nyota 3 kati ya 5: moja nimeikata kwa sababu ya vumbi, nyingine kwa sababu ya lebo. Kopo la pili nimeshalinunua, kwa ajili ya michungwa peke yake.